Laki tisa za ufuta na kamera ya binti

FEDHA zilikuwa laki tisa, zimefungwa kwa mpira ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kila mtu katika nyumba ile ya Mohoro, wilayani Rufiji, alikuwa na mipango nazo. Mama alitaka mabati. Bibi alitaka choo kijengwe upya, kwa kuwa cha zamani kiliondoka na mafuriko ya Aprili 2024. Mtoto wa kiume, darasa la sita, alitaka baiskeli. Binti mkubwa, mwenye miaka 20, aliyemaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani akisaidia shamba la ufuta, alitaka kamera.

Si ya kuchezea. Alitaka ile ambayo lenzi inachomolewa na kuwekwa nyingine, ya kupiga picha na kurekodi video.

“Hiyo kamera inaungwa na nazi au inaliwa kavu?” bibi aliuliza, na nyumba nzima ikacheka isipokuwa binti.

Mama alicheka kidogo tu. Maji yale ya Rufiji yalipoingia ndani, walichowahi kutoa ni watoto, godoro moja na magunia mawili ya mpunga. Albamu ya picha ilikuwa juu ya kabati, wakidhani huko haitafikiwa. Kabati likaanguka. Picha nyingine zilikuwa kwenye simu ya mama, nayo ikalowa na haikuwaka tena. Leo hii sura ya marehemu mume wake imebaki kwenye kadi ya mpiga kura peke yake, ndogo kama ukucha. Kwa hiyo neno “picha” halikuwa jepesi kwake kama lilivyokuwa kwa bibi.

Lakini laki tisa ni jasho la msimu mzima, pamoja na mgao wa kikoba. Ufuta ukishapita ghalani na kukatwa makato yote, kinachomfikia mkulima mdogo hakiruhusu makosa mawili. Kosa moja tu linatosha kulala tena chini ya turubai. Mama akamwambia bintiye, “Sijakataa. Niambie kwanza kazi yake.”

Binti alikuwa na jibu tayari.

“Mama, kwenye ile kicheni pati ya jirani, nani alipiga picha?”

“Hakuna. Yule kijana aliyeletwa kutoka Ikwiriri si walimzuia mlangoni.”

“Basi hiyo ndiyo kazi yenyewe.”

Anayeijua Pwani anaelewa mara moja. Sherehe za wanawake zina mlango, na mwanamume mwenye kamera huishia hapo. Humpata bibi harusi anaposhuka garini na anapopanda tena. Yanayofanyika ndani, nasaha za mashangazi, ngoma, zawadi, vicheko, hubaki vipande vipande kwenye simu 20 za waalikwa, na mwenye sherehe hapati hata kimoja kilichokamilika. Mpiga picha wa kike kwa huku ni adimu. Binti hakuwa anaota kuwa maarufu. Aliona mlango ambao wenzake wa kiume hawawezi kuupita.

Mzazi anayeulizwa ombi la namna hii angefanya vema kuanza na swali la mama huyu kabla ya kuuliza bei. Kamera ya kumpiga picha mtoto anakua ni kitu kimoja. Ya kufanyia kazi ukumbini usiku, penye spika kubwa, ni kitu kingine, na duka halitakueleza tofauti hiyo.

Mama aliuliza pia kwa nini simu isitoshe. Ni swali la haki, na ukweli usemwe: simu nzuri ya leo, mchana, nje, inaweza kutoa video safi kuliko kamera ya miaka kumi na zaidi iliyopita. Ugumu huanza jua likizama. Kihisi cha simu, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo sana. Ndani ya hema lenye taa mbili za rangi, nyuso huwa kama zimepakwa tope. Kamera ya lenzi za kubadilisha ina kihisi kikubwa mara nyingi zaidi, na unaweza kuivalisha lenzi yenye jicho pana linalomeza mwanga. Kuna na jambo lisilo la kitaalamu: aliyekuja na simu huhesabiwa mwalikwa kama wengine, na mwalikwa halipwi.

Hata hivyo mama hakufungua kopo siku hiyo. Alimpeleka binti Mbagala kwa mjomba wake, ambako mtoto wa mjomba ana kikundi kidogo cha kupiga picha za harusi. Sharti lilikuwa wiki mbili za kubeba mabegi na kukunja nyaya bila malipo. Kama hamu ingeisha, iishie huko, kwa gharama ya nauli tu. Ni njia nzuri kuliko mahubiri.

Hamu haikuisha. Lakini binti alirudi na mawazo tofauti na aliyoondoka nayo. Alikuwa ameondoka akitaja megapikseli. Alirudi akitaja sauti.

Binamu yake alimsimulia kazi yake ya mwaka wa kwanza. Alirekodi harusi nzima kwa maiki ndogo iliyomo ndani ya kamera. Picha zilikuwa nzuri. Bibi wa bibi harusi alisimama akatoa nasaha kwa robo saa, watu wakilia, na walipofungua video nyumbani kilichosikika ni jenereta. Alirudisha nusu ya fedha, na jina lake likapotea mtaa mzima. “Picha yenye giza watu wanaisamehe,” alimwambia. “Sauti mbovu hawaisamehi. Ukienda dukani, tafuta tundu la maiki kwanza. Lisipokuwepo, rudisha mezani.”

Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika, kwa sababu tundu hilo halimo kwenye kamera nyingi za bei ya chini, hata zikiwa mpya kabisa. Canon 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D zote hazina. Nikon walifanya la ajabu zaidi: D3200 na D3300 zilikuwa nalo, kisha D3400 iliyotoka 2016 ikaja bila tundu, na D3500 ya 2018 vilevile. Mtu ananunua toleo jipya akidhani anapanda ngazi, kumbe kwa upande wa video ameshuka.

Upo pia mgawanyiko wa kamera zenye kioo ndani, DSLR, na hizi za kisasa zisizo na kioo. Kampuni kubwa sasa zimeelekeza nguvu kwenye hizi za pili. Sony ZV-E10 ya 2021 na Canon R50 ya 2023 zina tundu la maiki na hufuata uso wa mtu zenyewe bila kuguswa. Mwenye uwezo wa kuzifikia asisite. Kwa laki tisa, ambazo ndani yake lazima zitoke lenzi, maiki, betri ya akiba na nauli, Mohoro haikuwa na haja ya kuzijadili. Iliyobaki ni DSLR iliyotumika, na faida yake ni kwamba lenzi zake za mtumba zimejaa mjini.

Binamu alitaja tatu kwa mpangilio wa mfuko. Ya kwanza Canon 600D ya mwaka 2011. Ya pili 700D ya 2013, ambayo skrini yake huguswa kama simu na ina uwezo fulani wa kufuata fokasi kwenye video. Ya tatu 200D ya 2017, nyepesi na hodari zaidi wa kufuata uso kuliko hizo mbili. Zote zina tundu la maiki, na skrini inayofunguka pembeni. Akamwonya pia juu ya majina: zilizouzwa kwanza Marekani au Japani huandikwa tofauti, hivyo 600D, Rebel T3i na Kiss X5 ni kamera ileile. Wapo wauzaji wanaoziweka pamoja kwenye kabati moja kwa bei tatu.

Jumatatu moja mama na binti walidamka alfajiri. Basi likavuka Daraja la Mkapa, lile la mita 970 lililofunguliwa 2003 na kumaliza enzi ya kusubiri kivuko, likapita Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga. Saa sita mchana walikuwa Kariakoo, fedha zikiwa zimefungwa kiunoni mwa mama chini ya khanga mbili.

Duka la kwanza lilikuwa na kiyoyozi na muuzaji mchangamfu. “Karibu bi mkubwa, karibu dada.” Aliwaletea Canon 4000D, mpya, ndani ya boksi, laki nane na nusu pamoja na lenzi. Megapikseli 18, inatuma picha kwenye simu, haijaguswa na mtu.

Mama aliipenda. Tusimlaumu. Mtu aliyepoteza vyombo vyote kwa maji hupata faraja ya pekee kushika kitu ambacho nailoni yake haijatolewa. Alimgeukia binti na kumwambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hii ni mpya. Cha mtumba ni kitu ambacho mwenzio amekichoka.”

Binti alikuwa anaizungusha mkononi. “Kaka, tundu la maiki liko wapi?”

Muuzaji akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akasema ina maiki ya ndani, nzuri sana. Binti akachomoa lenzi na kuonesha pale inapokaa: duara la plastiki, si chuma. Kwa mtu wa kupiga picha nyumbani si neno. Kwa mtu atakayebadilisha lenzi kila wiki kwa miaka, ni la kufikiria. Akairudisha mezani, akashukuru. Mama alitoka pale amenuna, na walitembea mitaa miwili bila kusemeshana.

Duka la pili lilikuwa chumba chembamba ghorofa ya kwanza, fundi na kabati lake. Alikuwa na 600D mbili zenye lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Alianza laki sita na nusu.

Hapa mama alichukua usukani, ingawa hajawahi kushika kamera. Miaka ya kuuza ufuta imemfundisha kwamba gunia halipimwi kwa kuangalia juu. Unatia mkono mpaka katikati. Aliuliza, “Kitu hiki kikioza kinaanzia wapi?” Fundi akacheka, lakini swali lilikuwa zuri, na binti alijua jibu: lenzi huota kuvu. Unyevu wa pwani huzaa nyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Waliwasha tochi ya simu, wakaipitisha upande wa nyuma ya lenzi na kuchungulia mbele. Ya kwanza ilikuwa na utando. Ya pili safi.

Wakaendelea. Walipiga picha ukuta mweupe, jicho la lenzi likiwa limebanwa hadi f/22, kisha wakaikuza kutafuta madoa. Lilikuwepo doa moja la vumbi, ambalo fundi alilipuliza likatoka. Walibonyeza kila kitufe. Walifungua na kufunga skrini mara nyingi, kwa kuwa bawaba ndiyo huchoka mapema. Binti alichomeka maiki, akarekodi sauti ya mama akihesabu hadi 20, na kuisikiliza kwenye simu ya fundi, kwani 600D haina tundu la kusikilizia. Akaiacha irekodi mpaka ikajikata yenyewe. Hiyo si hitilafu: kamera ile hukoma faili likifika gigabaiti 4, kama dakika 12 kwa ubora wa juu, na mpigaji lazima abonyeze tena. Binti alilijua hilo. Alijua pia kwamba haifuati fokasi wakati wa video, atazungusha pete ya lenzi kwa mkono. Alimweleza mama yote mawili pale pale mbele ya muuzaji, jambo lililomshangaza mama kuliko kamera yenyewe.

Walishuka hadi laki tano na ishirini. Laki moja na arobaini zilikwenda kwenye lenzi ya pili, Yongnuo ya milimita 50 yenye jicho la f/1.8, mdogo wa ile ya Canon yenye kazi hiyo hiyo. Ukilinganisha na lenzi inayokuja na kamera, ambayo ikivutwa hadi 55 jicho lake huwa f/5.6, hii hupokea mwanga karibu mara kumi. Kama kuna fedha moja ambayo mzazi hatakiwi kuibania, ni hii. Kamera ya zamani yenye lenzi ya mwanga itaishinda kamera mpya yenye lenzi ya kawaida ndani ya hema lolote la Rufiji.

Maiki ya kubana nguoni, Boya yenye waya wa mita sita, elfu arobaini na tano. Memori kadi ya gigabaiti 32, ambayo waliijaza yote pale pale na kufungua faili za mwisho, kwa kuwa kadi bandia hujitangaza kubwa kuliko ilivyo. Betri ya akiba. Stendi ya miguu mitatu, si imara sana. Mama akadai risiti ya EFD na namba ya kamera iandikwe. Fundi akasema kwa vitu vilivyotumika huwa hawaandiki. Mama akaketi kwenye kiti akasema hana haraka, basi lao ni la jioni. Risiti ikatoka.

Walirudi Mohoro na elfu kumi na tano.

Bibi alitazama zile vyuma mezani, akauliza mabati yako wapi. Mama akafungua daftari. Kila kazi itakayolipwa, theluthi ni ya mabati mpaka laki tisa irudi, theluthi ni ya binti, theluthi ya kutunza kamera. Kazi za usiku ni zile ambazo mama, shangazi au mama mwenye shughuli atakuwepo na kumrudisha nyumbani. Picha ya mtu haiwekwi kwenye status bila mwenyewe kuridhia. Kamera italala ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na itawekwa juu ya dari. Hilo la mwisho halikuhitaji maelezo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwa majirani, usiku wa kumfunda mwali kabla ya ndoa. Binti alikuwa ameweka mfumo wa PAL, fremu 25, maana umeme wetu ni wa Hertz 50 na ukiweka 30 taa hucheza kwenye video. Alivalisha lenzi ya 50 nyumbani kabisa ili asiifungue kwenye vumbi la ngoma. Alimbana shangazi wa mwali maiki kwenye khanga, akajaribu sauti, akajaribu tena.

Ilipofika saa nne kungwi alinyanyua mkono. Ngoma ikanyamaza.

“Mjukuu wangu, hicho kidude chako sasa kipumzike. Haya yanayofuata hayatoki humu.”

Mwenye shughuli, ambaye ndiye aliyekuwa akilipa, alianza kubembeleza kwamba waachiwe kidogo tu, kwa ajili ya kumbukumbu. Binti alikuwa ameshazima. Alichomoa betri, akaiweka kiganjani mwa kungwi, akafunga kamera kwenye ndoo na kukaa juu ya mfuniko. Alikaa hapo muda wa saa nzima, akipiga makofi kama wengine. Wiki ile ile kungwi alimtaja kwenye nyumba nyingine mbili.

Video ilikuwa na makosa. Sehemu mbili fokasi ilikwenda kwenye kanda la ukuta badala ya uso, na dakika moja ya zawadi haimo kwa kuwa kamera ilijikata na yeye hakuona. Lakini shangazi alisikika neno kwa neno, mpaka pale sauti ilipomkwama na akaomba maji. Mama mwenye shughuli aliirudia sehemu hiyo mara tatu, na akalipa elfu themanini zote.

Jumamosi iliyofuata bibi aliomba naye apigwe picha. Alisisitiza iwe ya karatasi, ya kwenye simu haitaki, za kwenye simu zilishakufa mara moja. Alikaa chini ya mwembe kwenye kigoda, akakataa katakata kutabasamu, na ilipoletwa kutoka Ikwiriri baada ya siku nne aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango na kuitazama kwa muda mrefu.

Kisha akasema khanga imekaa upande, warudie.